Saa Nne ya Bamvua

Shemeji yangu Athumani alikufa akitawadha. Alikuwa amechutama nyuma ya nyumba yake, kando ya pipa la maji, ameshaosha uso na mkono wa kulia, ukuta uliposhuka. Nasema ulishuka kwa sababu haukuanguka kwanza. Waliouona wanasema ulizama wima, kiasi cha futi moja, kama mtu anayeingia majini taratibu, halafu ukapasuka katikati na nusu ya juu ikamlalia.

Tetemeko lililofanya hivyo lilikuwa dogo. Huku mjini Bagamoyo, mwendo usiofika nusu saa kwa miguu kutoka hapo, wazee waliokuwa barazani walishika tu vikombe vyao vya kahawa na kutazamana. Mmoja akauliza kama ni lori limepita. Nyumba kongwe za mawe hazikuangusha hata kipande cha chokaa. Lakini kule Mji Mpya, mahali ambapo ramani ya serikali ilipaka rangi ya kijani kumaanisha ardhi salama, mchanga na maji vilitoka ardhini kwa vijitundu kama uji unaochemka, na nyumba tatu zikainama.

Athumani alijenga pale kwa ushauri wangu. Nilimwambia ni salama kwa sababu ramani ilisema hivyo, na ramani ilisema hivyo kwa sababu ya kitabu nilichokiandika kwa mkono wangu.

Ninyi vijana mnaosomea kupima udongo mlikuja kwangu mkaniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi zamani, kabla ya mashine mlizo nazo. Mlitaka visa vya kuchekesha. Vipo, na vingine nitavitia humu. Lakini hiki nilichoanza nacho ndicho kinachonifanya nishike kalamu, na mkikisoma hadi mwisho mtajua kwa nini mpaka leo sijakifunga.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Miaka ile ya sitini kuelekea sabini, mji ulitakiwa kupanuka kufuata pwani, na kabla ya kugawa viwanja serikali ilitaka kujua ni wapi ardhi ingeweza kugeuka uji endapo tetemeko lingekuja. Waliokuja na wazo hilo walicheka nasi, nasi tukacheka nao, maana pwani yetu watu walijua matetemeko kwa kusikia tu. Tukipita mitaani na mabomba yetu begani, wazee walituita wapima zilizala, yaani tetemeko, katika nchi isiyo na zilizala. Watoto walituita wapika uji. Tulizoea.

Nitawaeleza jambo lenyewe kama nilivyoelezwa na mtu aliyenifundisha kazi, Mzee Kibwana. Alikuwa nyapara wa uchimbaji, Mkwere wa upande wa Vigwaza, mtu mfupi mwenye vidole vinene, asiyejua kusoma wala kuandika. Siku yangu ya kwanza alinipeleka sokoni badala ya kunipeleka shimoni. Akanisimamisha mbele ya muuza mchele aliyekuwa akimpimia mama mmoja kwa pishi. Muuzaji alijaza pishi mpaka juu. Yule mama akaigonga ubavuni kwa kiganja mara mbili, na mchele ukashuka, pakabaki nafasi ya kutia konzi nzima zaidi. Wakaanza kugombana.

Mzee Kibwana akaniambia kuna mchanga uliokaa kitako na mchanga uliosimama. Uliosimama ni kama ule mchele kabla ya kugongwa. Unaonekana umejaa, kumbe kila punje imeegemea mwenzake tu. Ukiugonga unataka kukaa. Ukiwa mkavu utashuka kidogo na basi. Lakini ukiwa umejaa maji, maji yamo katikati ya punje na hayana pa kukimbilia kwa haraka ile, kwa hiyo yanaubeba mchanga. Kwa muda wa dakika moja au mbili ardhi nzima inaelea, na kilicho juu yake kinazama.

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na sijaona kitabu kilichosema jambo hilo vizuri zaidi.

Basi tulikuwa tunatafuta vitu viwili, mchanga uliosimama, na maji yaliyo karibu na uso wa ardhi. Vikikutana, mchoraji wa ramani anapaka nyekundu. Mchanga uliosimama tuliutafuta kwa keekee kubwa ya mkono ya kutobolea ardhi na kwa nyundo. Bomba linasimamishwa shimoni, watu watatu wanavuta kamba, chuma kizito kinapanda, kinaachiwa, kinagonga. Tunahesabu mapigo mpaka bomba lishuke futi moja. Mapigo mengi, mchanga umekaa. Mapigo machache, umesimama. Kuna mahali karibu na Mbegani bomba lilishuka lenyewe kabla hatujagonga hata mara moja, na wavutaji kamba wakakaa chini wakidai posho ya kutwa nzima kwa kuwa hesabu imekamilika.

Kuhesabu nako kulikuwa na hatari yake. Wavutaji walipenda kuimba, na wimbo ukikolea wanamrukisha namba mhesabuji. Mara moja niliandika mapigo ishirini na tatu mahali palipokuwa na kumi na saba, kwa sababu kiitikio kilikuwa kitamu. Mzee Kibwana alinitazama tu, akachukua kombe moja la chaza, akaliweka chini, na kwa kila pigo akaongeza jingine. Tangu hapo tulihesabu kwa makombe. Hata leo nikiona mtu anahesabu kwa mdomo peke yake namwonea huruma.

Kitu kingine alichonifunza kinafaa hata kwenu wenye mashine. Chukua mchanga mbichi kutoka shimoni, uweke kiganjani, ugongegonge mkono chini kwa mkono mwingine. Ukiona maji yanapanda juu na mchanga unang'aa kama mafuta, halafu ukiukamua yanarudi ndani na mng'ao unafifia, huo ni mchanga wa kuogopa. Udongo wa mfinyanzi haufanyi hivyo. Mzee Kibwana alifanya pia kwa ulimi, akautema, na kusema chumvi ipo au haipo. Mimi nilijaribu mara moja, nikaharisha siku mbili. Akasema tumbo la mjini limezoea halua.

Maji tuliyapima kwa kamba yake. Ilikuwa kamba ya katani yenye fundo kila nusu futi, na mwishoni ilifungwa kopo la maziwa lililogeuzwa mdomo chini. Likigusa maji linalia pwa, sauti moja tu, na mzee anabana kamba kwa vidole, anaivuta, anahesabu mafundo. Mhandisi wetu alituletea utepe wa chuma kutoka Dar es Salaam. Ulishika kutu katika wiki ya pili, tukarudia kopo.

Huyo mhandisi aliitwa Ndugu Temba. Alikuwa mtu wa milimani, kijana, mpole, bahari aliiona ukubwani. Juu yake kulikuwa na mtaalamu mgeni aliyekaa ofisini Dar na vitabu vya majira ya bahari, na yeye ndiye aliyetoa amri kwa Kiingereza. Ndugu Temba alizitafsiri, maana miaka ile ofisi za serikali zilikuwa zimeanza kuandika kwa Kiswahili, nasi tulijivunia. Barua ya kwanza ya Kiswahili niliyoipokea kazini niliibandika ukutani.

Barua hiyo ndiyo iliyosema tupime maji katika mashimo ya Mji Mpya. Mtaalamu alitaka kujua maji yakipanda sana yanafika wapi, kwa hiyo alitaka yapimwe siku za bamvua, zile siku za mwezi mpya na mwezi mpevu ambapo bahari hujaa sana na kupwa sana. Mashimo yaliyo karibu na ufuko hufuata bahari. Bahari ikijaa, maji shimoni yanapanda, ikipwa yanashuka. Kwa hiyo saa ya kupima ina maana kubwa, na barua iliitaja. Iliandikwa: "Maji yapimwe siku ya bamvua, saa 4."

Ninyi mmezaliwa pwani au mmekuja kuishi pwani, nadhani mmeshaona. Kama hamjaona, subirini.

Siku ya bamvua ya kwanza, saa nne asubuhi, tulikuwa kwenye shimo namba tisa. Jua kali, bahari imekwenda mbali mpaka majani ya bahari yamelala chini. Mzee Kibwana akateremsha kopo. Likaenda, likaenda, ndipo likalia. Akahesabu mafundo kumi na manane. Futi tisa.

Nikaandika. Yeye hakuikunja kamba. Akasema kwa utulivu kuwa saa hii si ya kupima, tungoje jioni. Nikamwambia barua imesema saa nne. Akacheka.

"Karani, mwenye nyumba katoka, hajahama. Andika hivyo."

"Hapana nafasi ya kuandika hivyo, mzee. Fomu inataka futi na saa."

"Basi fomu yako haijui kubisha hodi."

Wavutaji kamba walicheka, nami nikacheka. Nikaandika: Bamvua. Futi 9. Saa 4. Tukaenda shimo la pili. Kwa miezi kadhaa tulifanya vivyo hivyo kila bamvua, na kila mara mzee alirudia maneno yake kuhusu mwenye nyumba, mpaka yakawa utani wa kazini. Mtu akikosekana kwenye chai tunasema katoka, hajahama.

Katikati ya kazi hiyo nilinunua saa ya mkono, ya kwanza maishani mwangu. Nawatajia saa hiyo kwa sababu itarudi mwishoni. Kwa wiki nzima nilikuwa mtu wa kuchosha. Aliyeniuliza saa ngapi sikumjibu kwa saa zetu tunazohesabu toka jua linapochomoza, nilimsomea mshale ulipo, Kizungu. Saa moja asubuhi nilisema ni saa saba. Dada yangu Mwanahawa alinialika chakula cha mchana saa saba nikafika asubuhi kwa mzaha, akanifungia mlango. Mzee Kibwana alisema nimenunua saa ya watu wanaoamka mchana. Baada ya wiki nilichoka mwenyewe, nikarudi kwenye saa za watu.

Vitabu vilikwenda Dar, ramani ikarudi. Ilikuwa nzuri kuitazama. Nyekundu kandokando ya mto na mikoko, manjano hapa na pale, na Mji Mpya kijani kitupu. Mchanga wa Mji Mpya ulikuwa wa kusimama, mapigo yalionyesha hivyo, lakini maji yalionekana yako chini sana hata siku ya bamvua, kwa hiyo mchanga wa juu ulihesabiwa kuwa mkavu. Nilishangaa kidogo. Nilijua kule visima vifupi. Lakini ilikuwa ramani ya ofisi, yenye muhuri, na jina langu dogo pembeni miongoni mwa waliopima. Nilipomwonyesha Mzee Kibwana, aliniuliza kijani ndiyo nini. Nikamweleza. Akaniuliza tena ndiyo nini, kana kwamba hakusikia.

Mwanahawa na Athumani walikuwa wakiishi chumba kimoja nyumbani kwa mama, na watoto wanne. Athumani alikuwa fundi wa mawe na chokaa. Alikuja kwangu na kuniuliza kama kiwanja cha Mji Mpya ni kizuri, maana yeye kama fundi aliona msingi ukichimbwa kule unalia maji. Nikakunjua ramani juu ya kitanda, nikamwonyesha. Akaweka kidole juu ya kijani, akasema basi shemeji, wewe ndiye msomi.

Alijenga kwa mawe, mwenyewe, miezi minane. Mengine nimeshawaambia.

Baada ya mazishi ofisi ilitaka kujua kwa nini ardhi ya kijani imefanya kama nyekundu. Mtaalamu aliangalia vitabu vyake na kusema mapigo ni sahihi, kosa lazima liwe kwenye maji. Nani alipima maji? Kamba ilishikwa na mtu asiyejua kusoma, anayehesabu mafundo, na kopo la maziwa mwishoni. Ilitosha. Nikaambiwa niandike maelezo. Niliandika kwamba kamba ilishikwa na Kibwana, na mimi niliandika alichokitaja. Kila neno katika karatasi ile lilikuwa la kweli. Siku chache baadaye Mzee Kibwana aliachishwa kazi. Hakunijia kuniuliza. Alifunga keekee yake ndogo katika gunia, akapanda lori la kwenda Chalinze.

Msinione mtu mbaya kupita nilivyokuwa. Niliamini kweli kwamba alikosea. Nilikuwa na shemeji kaburini na nilihitaji mtu wa kukosea.

Ndugu Temba ndiye hakuridhika. Bamvua iliyofuata alikuja mwenyewe na utepe mpya wa chuma, akataka mashimo yaliyobaki wazi yapimwe upya mbele yake. Tukaanza na namba tisa. Ilikuwa saa nne asubuhi. Utepe ukasema futi tisa kasoro kidole. Akafungua kitabu, akaona futi tisa, akatikisa kichwa. Mzee hakukosea.

Tukapima mengine mchana kutwa. Jioni, tukirudi, tulipita tena namba tisa. Bahari ilikuwa imejaa mpaka kwenye mizizi ya minazi ya mbele. Ndugu Temba akasema apime tena, basi tu, kwa kuwa utepe uko mkononi. Haukwenda mbali. Futi nne.

Akatazama saa yake ya mkono, akafungua kitabu tena, akakaa juu ya ukingo wa shimo.

"Ndugu Saidi, kitabu chako kinasema saa nne, futi tisa. Mbona sasa ni futi nne?"

"Sasa ni saa kumi, Ndugu."

Alinigeuzia mkono ili niione saa yake. Mshale mfupi ulikuwa kwenye nne.

Nawaeleza taratibu, maana wenzangu kadhaa nimewaeleza na hawakuelewa mara ya kwanza. Pwani yetu, siku za bamvua, bahari hujaa karibu na saa kumi jioni na hupwa karibu na saa nne asubuhi. Mtaalamu, kwa saa za Kizungu, aliandika nne akimaanisha hiyo saa kumi yetu ya jioni, bahari ikiwa imejaa kabisa. Ndugu Temba akaiandika kama ilivyo, nne, bila kubadilisha, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye Kiingereza na kwao milimani hakuna bahari ya kumshtua. Mimi nikasoma saa nne kama anavyosoma kila mtu aliyelelewa kwa Kiswahili, saa nne, chai ya pili, nikaenda kupima bahari ikiwa imepwa kabisa. Kisha nikaandika saa 4, na mtaalamu akaisoma kwa saa zake na kuridhika. Tarakimu moja, nne, ilitoka Dar na kurudi Dar bila kubadilika, na katikati ilikuwa na maana mbili zinazopishana kwa kiasi kilekile bahari inachohitaji kutoka kwenye kujaa hadi kwenye kupwa.

Na mtu mmoja aliliona tangu shimo la kwanza, akalisema mbele ya watu wote, nasi tukaligeuza utani.

Ndugu Temba aliandika ripoti na kujitia kosani yeye mwenyewe. Nilimheshimu kwa hilo. Mimi nilikwenda Vigwaza. Nilimkuta Mzee Kibwana akichonga mpini wa jembe. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanikaribisha mkeka. Nilimweleza yote na nikamwambia ofisi itamrudisha. Aliendelea kuchonga.

"Ile karatasi uliyoandika," akasema, "ulisema nimekosea?"

"Hapana, mzee. Nilisema wewe ndiye uliyeshika kamba."

"Ndiyo. Nilishika." Akapuliza vumbi la mti kwenye mpini. "Ungeongeza tu kwamba nilikataa saa."

Hakurudi kazini. Barua ya kumrudisha ilifika, akasomewa na mwalimu wa shule, akasema amesikia.

Kwa Mwanahawa nilichelewa zaidi. Ilipita Ramadhani nzima. Siku niliyokwenda alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Nilimweleza kama nilivyowaeleza ninyi, kwa saa na bahari na kamba, na nilipomaliza alikuwa bado anaokota mawe.

"Kwa hiyo lilikosekana neno moja," akasema.

"Neno moja, dada."

"Lipi?"

"Jioni. Barua ingesema jioni, au mimi ningeandika asubuhi."

Akapepeta ungo mara mbili. Akasema watoto wanarudi kutoka chuo cha Kurani, nisogeze miguu wapite. Tuliishi kama ndugu mpaka alipofariki, nilimlea mwanawe wa tatu hapa kwangu, lakini hakuniuliza tena jambo lolote la kazi yangu, wala mimi sikumwambia lililobaki.

Lililobaki ni hili, na ndilo ninalotaka mlichukue.

Ramani ilisahihishwa. Kila shimo lililoandikwa saa 4 lilihesabiwa limepimwa bahari ikiwa imepwa, maji yake yakapandishwa kwenye hesabu, na Mji Mpya karibu wote ukawa mwekundu. Viwanja vilivyokuwa bado havijajengwa vikafutwa. Likabaki shimo moja, namba kumi na nne. Hilo halikuandikwa saa 4. Liliandikwa saa 10. Mtaalamu aliliona, akafurahi, akasema hili angalau lilipimwa saa sahihi, saa kumi jioni bahari imejaa, na maji yako futi tisa chini. Akaliacha kijani. Mradi ukafungwa, yeye akarudi kwao.

Nilipoiona ramani mpya nilikwenda kutazama tarehe ya shimo lile. Lilipimwa katika wiki ile niliyonunua saa ya mkono.

Kama siku ile gari lilikwama na tukachelewa mpaka jioni, kama tulivyokuwa tukichelewa mara kwa mara, basi saa 10 ni saa kumi, na ardhi ile ni nzuri. Kama nilikuwa nimeinua mkono kwa maringo na kusoma mshale, basi saa 10 ni saa nne asubuhi, bahari imepwa, na ardhi ile ni kama ya Athumani. Nimekaa na jambo hili miaka mingi. Nakumbuka shimo. Nakumbuka kulikuwa na mti wa mkorosho uliokatwa. Sikumbuki kivuli chake kililala upande gani.

Nilimwuliza Mzee Kibwana kabla hajafa. Alinijibu kwa heshima kwamba siku zote zimefanana, na kwamba mwenye saa nilikuwa mimi. Niliandika barua kwa ofisi mara nne nikiomba pachimbwe upya. Nilijibiwa mara mbili, kwamba ramani imeshasahihishwa. Nilipostaafu nilichukua kamba na kopo nikaenda mwenyewe, lakini mahali penyewe pamemwagwa saruji. Nje ya ua pamejazwa kifusi na kuna karo la maji machafu, kwa hiyo maji unayoyakuta hapo si ya bahari wala ya ardhi. Mlinzi aliniuliza mzee mzima natafuta nini na kopo kwenye ua wa wasichana. Alikuwa na haki ya kuuliza.

Maana juu ya shimo lile pana bweni la shule. Lina sakafu mbili, na vitanda vya kupandana.

Mkienda na mashine zenu, nendeni bamvua, saa kumi jioni, na muandike neno jioni. Kitabu cha mashimo bado kipo, nimekitazama tena mwezi uliopita. Ukurasa una doa la chai pembeni, na mwandiko ni wangu, wazi kabisa: Shimo 14. Bamvua. Futi 9. Saa 10.